Habari za Akeri na Deni la Msamaha



Katika siku hizi za Jubilei tumesikia habari nyingi za kushukuru: makanisa yaliyojengwa, shule, hospitali, wachungaji na walimu waliotutangulia. Ni vema kushukuru. Lakini iko habari moja iliyo ya zamani kuliko kanisa la kwanza na shule ya kwanza chini ya Mlima Meru, nayo ni habari ya damu. Watoto wa kipaimara huijua kwa maneno machache tu: ya kwamba wamisionari wawili waliuawa Akeri, ya kwamba wenzao waliwasamehe wauaji wakarudi, na Injili ikaingia Meru. Maneno hayo si ya uongo. Lakini habari ikisimuliwa hivyo, upande mmoja tu ndio unaoonekana kuwa na deni, na upande mmoja tu ndio unaosamehe. Watoto wenye akili huuliza: Je, mwalimu, na wale waliochomewa migomba, wao walimsamehe nani? Swali hili ni la haki, na kwa ajili yake nimeandika kurasa hizi.

Kwanza tujue hali ya nchi kabla ya siku ile. Wameru walikaa katika mitelemko ya mashariki na kusini ya mlima, wakilima migomba chini ya mangi wao. Waarusha walikaa upande wa magharibi, watu wa lugha ya Kimaasai walioshika jembe bila kuacha mkuki. Ng'ambo ya nyika walikuwako Wachaga wa Kilimanjaro, kila nchi na mangi wake. Tusijidanganye kwamba kulikuwa na amani mpaka Mzungu alipoileta vita. Mangi Sina wa Kibosho aliogopwa hata huku Meru. Mangi Rindi wa Moshi aliwaalika morani wa Arusha wamsaidie katika vita vyake, nao walikuja kwa ajili ya ng'ombe. Warombo, waliokaa upande wa mashariki wa Kilimanjaro, waliporwa mara nyingi na majirani wenye nguvu kuliko wao. Kila kabila lilikuwa na hesabu yake ya waliouawa, na hesabu hiyo ilifundishwa watoto.

Hata karibu na mwaka 1890 yakaja mabaya yasiyo na mkuki. Sotoka ikaua ng'ombe, ndui ikaua watu, na njaa ikafuata. Katika miaka hiyo hiyo wakaja Wadachi. Mwaka 1891 walimpiga Sina. Mwaka 1892 Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, aliwashinda, na mwaka uliofuata wakarudi wakamshinda yeye. Wazee wa Meru na Arusha waliyasikia hayo yote, kwa kuwa kutoka Kilimanjaro hadi Meru si mwendo wa siku nyingi. Basi walipomwona Mzungu hawakumuuliza kazi yake. Walihesabu mambo waliyoyaona: magonjwa, bunduki, na nchi za jirani zilizotiishwa moja baada ya moja.

Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Miaka mitatu baadaye ikawatuma vijana wawili Meru, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Wote wawili walitoka katika nchi za Balti, ambazo wakati huo zilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi, na hakuna aliyekuwa amefikisha miaka 30. Ovir alikuwa Mwestonia, yaani mtu wa taifa dogo la wakulima, ambalo kwa miaka mingi lilitawaliwa na mabwana wenye lugha nyingine, wenye kumiliki mashamba makubwa. Laiti morani wangaliweza kumuuliza habari za kwao, labda wangaliona kwamba huyu ajua habari za kunyang'anywa ardhi kuliko wao. Lakini hakuna aliyemuuliza, wala lugha ya kuuliza haikuwapo.

Walifika kwa Mangi Matunda wa Meru wakapatana naye mahali pa kujenga, ndipo Akeri. Wakapiga hema. Pamoja nao walikuwa Wachaga kadhaa waliotoka nao Kilimanjaro. Tena, na neno hili lisisahauliwe, si mbali na hema zao alikuwa amepiga kambi Kapteni Johannes wa Moshi na askari wake, akiitazama nchi kwa mambo ya serikali. Misheni na serikali zilikuwa kazi mbili, na wamisionari walijua tofauti yake. Lakini mtu asimamaye kilimani usiku huona mioto ya kambi mbili tu, na haandikiwi juu ya moto upi ni wa neno la Mungu na upi ni wa bunduki.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 morani wa Arusha na Meru, wa rika la Talala, wakashuka. Kambi ya Johannes ilishambuliwa pia, lakini askari wakawarudisha nyuma kwa bunduki. Akeri hapakuwa na askari. Segebrock na Ovir wakauawa kwa mikuki, na Wachaga waliokuwa pamoja nao wakauawa vilevile. Makaburi ya wale wawili yako Akeri hata leo, na kanisa huwakumbuka kila mwaka mwezi wa Oktoba. Wale Wachaga hutajwa mara chache kuliko wao, ingawa damu yao ilimwagika katika nyasi zile zile, wala hawakuwa na meli ya kuwarudisha kwao kama wangalitaka kuiacha kazi.

Sasa nafika mahali ambapo masimulizi mengi hupita mbio. Kabla ya mwezi kwisha Johannes alirudi Meru na Arusha kulipiza kisasi, akarudi tena mwanzo wa mwaka 1897. Hakuja na askari wake peke yao. Alikuja na maelfu ya Wachaga waliotolewa na wamangi wao, wengine wakiwa na kisasi chao cha zamani, wengine wakitamani ng'ombe, wengine wakiogopa kukataa. Watu waliuawa kwa mamia. Ng'ombe waliosalia baada ya sotoka wakaswagwa kwenda Kilimanjaro. Nyumba zikachomwa, na migomba ikakatwa. Mtu wa mjini hawezi kujua uzito wa neno hili, kwamba migomba ilikatwa. Mgomba ni chakula, ni kinywaji, ni paa, ni malisho ya mbuzi, na chini yake wamezikwa babu. Aliyeua mtu ameua mtu mmoja, lakini aliyekata shamba la migomba ameifukuza nyumba nzima katika ukumbusho wake.

Katika desturi ya Kimaasai, waliyoishika Waarusha, damu ya mtu ilikuwa na malipo. Ng'ombe 49 walihesabiwa, na walipokwisha kutolewa, jamaa wa aliyeua na jamaa wa aliyeuawa waliweza kukutana tena pasipo silaha. Sisemi kwamba desturi hii ni sawa na msamaha wa Kristo. Damu haina bei, na Bwana wetu hakufundisha kuuza msamaha. Lakini desturi ile ilijua neno moja ambalo Kapteni Johannes hakulijua, yaani kwamba kisasi lazima kiwe na mwisho, na mwisho wake sharti uonekane na pande zote mbili. Johannes alichukua malipo bila hesabu. Hakuna mzee aliyesimama akasema, Sasa yatosha, tule pamoja. Kwa sababu hiyo, baada ya 1897, yalikuwako madeni mawili chini ya mlima huu: damu ya Akeri, na damu iliyomwagwa kwa jina la Akeri.

Na hilo la pili halikuwa la Wadachi peke yao. Mmeru aliyerudi katika majivu ya nyumba yake alijua sura ya Mchaga aliyembebea ng'ombe wake. Mdachi alikuwa mgeni, na mgeni huenda zake. Mchaga alikuwa jirani, na ng'ambo ya nyika moshi wa nyumba yake ulionekana.

Halafu likatokea jambo la ajabu na la kuhuzunisha. Boma la Arusha lilikuwa linajengwa, Waarusha wakilazimishwa kufanya kazi, nalo likakamilika mwaka 1900. Katika miezi hiyo Wadachi wakaletewa maneno kwamba wamangi wa Kilimanjaro, Meru na Arusha wamefanya shauri moja la kuasi. Wengi husema yalikuwa maneno ya fitina. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya zamani, Johannes akawanyonga watu 19 kwa siku moja. Mangi Meli wa Moshi alikuwa miongoni mwao, na Mangi Molelia wa Kibosho, na Mangi Ngalami wa Siha, na Mangi Lobulu wa Meru, na wakubwa wa Arusha. Wale ambao watu wao miaka mitatu tu kabla walikuwa wamechomeana nyumba, wakafa kwa kamba za mti mmoja. Nikiyatafakari hayo naona kwamba tangu siku ile Mmeru na Mchaga walikuwa na msiba mmoja wa kulia, hata kama walichelewa miaka mingi kulitambua.

Mwaka 1902 wamisionari wa Leipzig wakarudi Meru. Wakajenga Nkoaranga, juu ya Akeri, na mwaka 1904 wakajenga Ilboru kwa Waarusha. Hapa ndipo masimulizi yetu husema: Tazameni msamaha. Nami nasema vivyo hivyo, ila yatupasa kupima maneno. Hawakurudi katika nchi iliyoweza kuwakataa. Boma lilikwisha simama, Lobulu alikwisha nyongwa, na kumwua Mzungu wa tatu kungaliimaliza nchi. Basi ujasiri wao haukuwa kama ule wa Ovir na Segebrock. Lakini pia hakuna aliyewalazimisha kurudi. Dunia ilikuwa pana, na mtu aliyefiwa na ndugu zake aweza kukiepuka kijiji walikouawa mpaka kufa kwake, wala hakuna atakayemlaumu. Wao walipanda juu ya kilima wakaomba mahali pa kujenga, wakajifunza lugha ya wale waliowaua wenzao, wakafunga vidonda vya watoto wao. Kusamehe kwao kulikuwa kazi ya kila siku asubuhi, si neno lililosemwa mara moja. Huu ndio msamaha wa kweli, hata kama ulilindwa na Boma.

Na upande wa pili? Kapteni hakuja kuomba radhi kwa migomba. Hakuna ng'ombe aliyerudishwa. Walakini katika miaka michache wako Wameru na Waarusha waliopeleka watoto wao Nkoaranga na Ilboru, na wengine wakabatizwa. Baba zao walikuwa watu wa rika lile lile lililoshuka usiku wa Akeri, na ndugu zao ndio waliokufa mwaka 1896 na 1897. Wengine husema wazee waliwatoa watoto kwa hofu ya serikali, au kwa kutamani nguvu ya kusoma na kuandika. Huenda. Mimi sioni haya kukubali kwamba mambo ya Mungu mara nyingi huanza katika sababu ndogo za wanadamu. Lakini mtoto alipokwisha fika shuleni alikutana na jambo ambalo hofu haiwezi kulieleza. Waalimu wa kwanza wa misheni waliosaidia kazi huku hawakuwa Wazungu wote. Wengine walikuwa Wachaga kutoka Kilimanjaro. Mtoto wa Mmeru akafundishwa alfabeti na kijana ambaye huenda baba yake alikula ng'ombe wa babu yake. Akafundishwa naye sala ile ya Bwana, ambayo ndani yake twaomba tuondolewe deni letu kwa kadiri tunavyowaondolea wenzetu. Nani alikuwa mdeni darasani pale, na nani mdai? Nadhani kila mmoja alijijua moyoni.

Ndiyo sababu nasema kwamba msamaha mkubwa zaidi katika habari hii ni ule ambao haukuandikwa. Mmisionari aliandika barua Ulaya, na watu wakasoma habari za subira yake. Mama wa Poli aliyepanda migomba mipya juu ya majivu, akampeleka mwanawe kwa mwalimu Mchaga, hakumwandikia mtu.

Nikitaka kuwaonyesha wanafunzi matunda ya mbegu hiyo siendi mbali. Sisi wa Kwa Mrombo, upande wa kusini wa jiji la Arusha, twakaa mahali ambapo jina lake lenyewe ni ushuhuda. Kwa Mrombo, yaani kwa mtu wa Rombo. Mahali katika nchi ya Waarusha pameitwa kwa kabila la mgeni, tena mtu wa Kilimanjaro, na hakuna aliyekasirika. Mwarusha huagiza gari kwa jina hilo, Mmeru huandika barua kwa jina hilo, na Mpare, Mrangi na Mwiraqw wamejenga hapo. Jumapili hukaa benchi moja. Babu za babu zao wangaliulizana jina la ukoo kabla ya kuketi, na pengine wasingaliketi. Baadhi ya vijana hudhani jambo hili ni la kawaida kama mvua, lakini gharama yake ililipwa na watu walioamua kutodai.

Hata hivyo, kutodai kisasi si sawa na kutodai haki, na katika jambo hili nchi ya Meru ina somo ambalo makanisa mengi makubwa hayakulipata. Baada ya vita vile Wadachi waliwagawia walowezi ardhi, Makaburu na wengineo, hata mashamba ya wageni yakauzunguka mlima kama mshipi. Serikali ya Kiingereza iliyofuata haikuufungua. Mwezi Novemba 1951 ikawaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi yao ipewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Mzee aliyekuwa mtoto mwaka 1896 aliona mara ya pili jambo lile lile.

Safari hii hakuna morani aliyeshuka usiku. Wameru walikataa kuondoka kwa hiari, wakakataa fidia, lakini hawakuinua mkuki. Wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, Mmeru, akiwa na wakili Earle Seaton, mpaka New York. Mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza taabu ya watu wake, kijana wa mlimani mbele ya wajumbe wa dunia nzima. Shauri lilipofika katika Baraza Kuu, kura hazikufikia theluthi mbili, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini Tanganyika nzima ilikwisha sikia.

Wako watu wasemao kwamba Mkristo akisamehe hufunga mdomo. Wasome habari za Mtume Paulo huko Filipi. Alipigwa bila hukumu akatiwa gerezani, akamwokoa askari wa gereza asijiue, akambatiza usiku ule ule. Huo ni msamaha ulio wazi. Asubuhi wakubwa wa mji walipotuma watu wamwache aende zake kimya kimya, Paulo alikataa, akataka waje wenyewe wawatoe, kwa maana walimpiga raia wa Rumi pasipo haki. Alimsamehe askari, na wakubwa akawadai. Kirilo hakufanya kitu tofauti na hicho. Kusamehe ni kuacha kumtakia mabaya aliyekutenda mabaya. Sikuona mahali popote katika Maandiko palipoandikwa kwamba ni kumwachia shamba.

Yaliyobaki ni magumu zaidi kuyaandika, kwa kuwa wengi waliohusika wangali hai, na huketi nasi kanisani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa shauri la kutaka dayosisi mpya, Wakristo wa Meru waligawanyika. Ugomvi uliotoka katika vikao ukaingia vijijini. Nyumba zikachomwa. Migomba ikakatwa, na mibuni pia. Watu wakafa. Safari hii hatukuweza kumtaja Johannes, wala Talala, wala Wachaga, wala Mwingereza. Waliokata migomba walikuwa wamebatizwa katika kisima kimoja na wenye migomba, na wengine walikuwa ndugu wa tumbo moja. Yale ambayo wapagani walifanya wakiwaogopa wageni, sisi tuliyafanya tukijuana majina.

Sitahukumu nani alikuwa na haki katika shauri lile. Nasema tu kwamba kwa kipimo cha msamaha, mwaka 1902 ulikuwa rahisi kuliko miaka ile ya baadaye. Kumsamehe adui wa mbali ambaye hakukujua ni jambo moja. Kumsamehe mtu uliyekula naye Meza ya Bwana, akajua vema ni mgomba upi uliopandwa na mama yako, akaukata huo, ni jambo jingine kabisa. Bwana alipompa Petro ile hesabu ya saba mara sabini, Petro alikuwa ameuliza habari za ndugu yake, wala hakuuliza habari za Mrumi. Mitume walijua ni wapi penye uzito. Wako Wameru waliokwisha kusameheana katika jambo hilo. Hupeana maji, huzikana, huoana. Wako pia ambao mpaka leo hupita njia ya nyuma ili wasionane mbele ya duka. Jubilei isiyowataja hawa wa pili ni sherehe ya chakula tu.

Tena iko habari ya miaka ya karibuni. Baada ya watu kunyongwa Moshi mwaka 1900, mabaki ya watu wetu yalipelekwa Ujerumani ili wataalamu wa siku zile wapime mafuvu. Kwa miaka mingi mjukuu wa Mangi Meli alitafuta kichwa cha babu yake. Mwezi Septemba 2023 watu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, kwa vipimo vya DNA, mafuvu matatu yaliyotoka Kilimanjaro yamepatiwa jamaa walio hai, na moja lilikuwa la Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuonekana katika hayo. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, penye kumbukumbu ya Chifu Songea Mbano na wenzake walionyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu.

Wengine walisema ni maneno tu, na miaka zaidi ya mia imepita. Ni kweli imepita. Lakini fikirini tofauti. Wazee wetu walisamehe bila kuombwa, jambo ambalo ni kama kumfutia deni mtu asiyekubali kwamba alikopa. Kuombwa msamaha ni kurudishiwa hesabu yako, ukaambiwa: Ulikuwa na haki, kitu hiki kilikuwa chako. Mtu aliyeombwa msamaha anarudishiwa heshima yake kabla ya kurudishiwa kitu kingine. Ila Songea ni mbali na Akeri, na mafuvu yangali yanahesabiwa.

Tuna deni moja dogo tuwezalo kulilipa wenyewe, pasipo kumngoja Rais wa nchi yoyote. Kila Oktoba majina ya Ewald Ovir na Karl Segebrock husomwa, na ni haki. Lobulu huandikwa katika vitabu. Lakini wale Wachaga waliolala nao hemani, na wale watu waliouawa katika migomba yao mwaka 1896 na 1897, majina yao yamekaa katika koo, midomoni mwa wazee wachache. Washili wa Meru na wazee wa marika ya Arusha huyajua baadhi yao; koo za Kilimanjaro nazo huyajua ya kwao. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa kitabu hiki, wa Akeri, wa Poli, wa Nkoaranga, wa Ilboru, wa Machame na wa Kwa Mrombo, mtu aliye na jina la babu au bibi aliyefia katika vita hivyo, upande wowote, alipeleke kwa mwalimu wa mtaa wake, likiandikwa pamoja na ukoo na mahali alipoanguka. Waalimu wayakusanye kabla ya Oktoba, yapelekwe Akeri, yakasomwe yote katika ibada moja, la Mzungu, la Mmeru, la Mwarusha na la Mchaga, kwa kufuatana na alfabeti.